Mkia Uliotumwa Igawa

Jumatatu, tarehe 19 Julai 1976, jina la Verediana Liberatus liliandikwa katika daftari la karakana ya parokia, Ipogolo mjini Iringa, chini ya majina ya maseremala wanne. Mbele ya jina paliandikwa: umri miaka ishirini na saba, mjane, mtoto mmoja, kazi ya majaribio. Katika safu ya maelezo Sista Apolonia, aliyesimamia karakana pamoja na shule ya chekechea iliyo ng'ambo ya ua, aliongeza maneno matatu kwa mkono wake: nywele za farasi.

Farasi wenyewe walikuwa saba, wa mbao, wenye magurudumu ya chuma na macho ya kioo. Walitoka kwenye nyumba ya mkulima mmoja wa tumbaku, Mgiriki, aliyefunga milango na kuondoka nchini akiacha vitu vya watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima. Parokia ikapewa kreti. Rangi za farasi zilikuwa bado nzuri, ila panya na wadudu walikuwa wamekula singa zote, za shingoni na za mkiani. Sista alipowaonyesha watoto wa chekechea, mmoja aliuliza kama ni mbuzi.

Kupandikiza singa upya hakuna aliyejua. Verediana alichaguliwa kwa kuwa alisuka nywele za nusu ya wanawake wa Ipogolo, na Sista aliona kwamba nywele ni nywele.

"Umeshamwona farasi, binti?" aliuliza Mzee Joachim siku ile ya kwanza. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa maseremala, Mlutheri wa kutoka Njombe aliyewafanyia kazi Wakatoliki kwa miaka kumi na moja.

"Kwenye kalenda, baba."

"Basi tuko sawa. Mimi nilimwona mmoja, amepandwa na askari. Nikakimbia. Shingo sikuiangalia."

Verediana hakuikubali kazi ile kwa ajili ya mshahara, ambao ulikuwa mdogo. Sista alikuwa amemwambia kwamba akimaliza farasi sita vizuri, wa saba ni wake. Na wa saba alimtaka kwa sababu moja tu, aliyekuwa akiishi mwendo wa siku nzima kutoka pale, Usangu, na kuitwa Ngolo.

Mwaka 1968, barabara kuu ya kwenda Zambia ilipokuwa ikijengwa, Verediana alikuwa akiuza chai na maandazi Igawa, mkoa wa Mbeya, kwa wafanyakazi wa barabara. Mmoja wa wateja wake alikuwa Limbu, dereva wa lori la kokoto, mtoto wa mfugaji aliyeitwa Masunga. Masunga alikuwa Msukuma aliyeteremka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akitafuta majani, akayapata katika mbuga za Usangu, akajenga. Limbu alipotaka kuoa, baba yake alikwenda zizini mwenyewe, akachagua ng'ombe kumi na wawili mmoja mmoja, wakaswagwa kwa miguu siku kumi hadi nyumbani kwa Liberatus, baba yake Verediana. Ngolo alizaliwa mwezi Novemba 1969.

Februari 1972 lori la Limbu lilipinduka. Baada ya matanga wazee wa ukoo walimwita Verediana na kumweleza anachokijua tayari, kwamba mdogo wake marehemu, Kashindye, yuko tayari kumrithi. Kashindye alikuwa na wake wawili. Verediana akakataa. Masunga hakugomba.

"Wewe ni mtu huru, mama Ngolo," alisema. "Hukuiba, hukutukana mtu. Nenda salama. Ila mtoto ni wa ng'ombe kumi na wawili."

Akaenda. Ngolo alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunga maneno.

Tangu hapo Verediana alirudi mara moja kila mwaka, wakati wa mavuno ya mpunga, akakaa siku tatu. Kila mwaka alikuta mtoto mrefu zaidi na wa mbali zaidi. Mwezi Juni 1976 Ngolo alimwona akiingia uani, akakimbilia nyuma ya Kalista, mke mkubwa wa Kashindye, akashika kanga yake. Kwa siku tatu hakula chochote kilichotoka mkononi mwa mama yake. Andazi alilopewa alimpelekea mbuzi.

Siku ya kuondoka, Masunga alimsindikiza Verediana hadi kwenye njia. Alikuwa mtu asiyependa maneno mengi, na aliyasema akiwa anatazama ng'ombe.

"Januari mtoto anatakiwa shule. Ya hapa ni mwendo wa saa tatu, kuna mto. Kwenu shule iko mlangoni. Baada ya Krismasi njoo. Akikukubali kwa miguu yake, mchukue asome. Akilia, anabaki. Mjukuu wangu sitamfunga kamba."

Kwa hiyo Verediana alikuwa na miezi sita ya kumfanya mtoto amkubali, naye mtoto hakuwapo. Alipoona kreti la farasi katika ua wa parokia alikumbuka jambo moja. Ngolo alipokuwa hajatembea vizuri, baba yake alimkalisha juu ya ndama, akamshika kiuno, na mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi. Kumbukumbu hiyo haikuwa na ushahidi wowote kwamba mtoto wa miaka saba angependa farasi wa mbao. Lakini nyingine hakuwa nayo.

Kazi ilianza kwa kung'oa. Kila farasi alikuwa na matundu ishirini na matatu juu ya shingo, na moja kubwa nyuma la mkia, yote yamejaa gundi ya zamani na vikonyo vya singa zilizokatika. Mzee Joachim alimwonyesha namna ya kuilainisha gundi kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, na kumtengenezea ndoano kwa spoki ya baiskeli. Farasi wa kwanza alichukua siku tisa kabla hajapandwa hata unywele mmoja. Vidole vyake vilibabuka.

Halafu akamtia katani. Katani ilikuwa nyingi, bure na ndefu. Ilikunywa gundi, ikakauka, ikasimama wima kutoka masikioni hadi mgongoni.

"Huyu amesikia habari mbaya," Mzee Joachim alisema.

Aling'oa yote. Akamtia uzi wa sweta, rangi ya kahawia, akachana kwa kitana. Farasi akawa kama amevaa kofia ya baridi, na mtoto wa kwanza aliyemshika alitoka na shungi zima kiganjani. Sista Apolonia aliangalia, akageuka na kurudi chekechea, na hilo lilimuuma Verediana kuliko mzaha wa fundi.

"Unapanda kama mahindi," Mzee Joachim alimwambia, Sista alipokwisha kuondoka. "Punje tatu kila shimo, funika, nenda zako. Nywele zina mzizi, binti. Wewe umeupa mzizi nini cha kushika?"

Alikaa na swali hilo siku mbili. Jibu alilipata akisuka kichwa cha jirani: kifundo. Alichukua singa kidogo, akazikunja katikati, akafunga mkunjo kwa uzi uliopakwa nta, akausukuma hadi chini ndani ya tundu, akatia tone la gundi, kisha akapigilia kijiti chembamba cha mwanzi kando yake. Alivuta. Haikutoka. Akavuta kwa meno. Haikutoka.

Sasa ikabaki kupata singa zenyewe. Mfanyakazi wa machinjio, jamaa yake Mzee Joachim, alianza kumwekea mikia ya ng'ombe. Verediana alikata shungi la mwisho, akaloweka usiku kucha katika maji ya majivu, akafua kwa sabuni, akaanika kivulini kwa kuwa jua liliziunguza zikawa za kukatika. Alijifunza kwamba unywele una upande: ukiupitisha kati ya vidole kutoka mzizini kwenda nchani unateleza, ukiurudisha unakwama. Ukichanganya pande, shungi linajisokota lenyewe na halichaniki tena. Alijifunza hilo kwa kuharibu mikia minne. Baadaye alikaa saa nzima akipanga singa moja moja juu ya meza, mizizi kushoto, ncha kulia, na hakumjibu mtu aliyemsemesha.

Farasi wa pili alitoka wa kuangalika. Wa nne alipopelekwa chekechea, watoto waligombana juu yake hadi Sista akamfungia kabatini. Wa sita alipokamilika, mwezi Septemba ulikuwa unakwisha. Mzee Joachim alimzunguka huyo farasi mara mbili, akambonyeza shingo, akavuta shungi la katikati bila huruma.

"Kamwene," alimsalimia farasi, kwa salamu ya nyumbani, na akarudi kwenye randa yake. Verediana alielewa kwamba amesifiwa.

Wa saba alikuwa mdogo kuliko wenzake, mweupe wa kijivujivu, sikio moja limemeguka. Alimpeleka nyumbani kwa baba yake amefungwa kwenye kanga. Singa nyeupe za shingoni alizikusanya kidogo kidogo kutoka mikia ya machinjio, akiokota nyeupe kati ya nyeusi kama mtu anayechambua mchele. Zilitosha shingo. Mkia hazikutosha. Mkia wa ng'ombe mweupe mtupu, mrefu, haukuja machinjioni wiki hiyo wala iliyofuata, na mwezi Oktoba ulikuwa umeanza.

Katika zizi la Liberatus, nyuma ya nyumba, alikuwapo ng'ombe mmoja aliyeitwa Sabuni. Wengine kumi na mmoja wa mahari walikuwa wamekwisha kutawanyika: wawili walimwozea kaka yake Verediana, mmoja aliuawa na homa, wengine walikwenda kwa wajomba kama ilivyo haki yao. Sabuni alibaki. Limbu ndiye aliyempa jina, siku walipofika Ipogolo wote wamejaa vumbi jekundu na mkia wa mtamba yule tu ukiwa mweupe kama povu. Upande wa kushoto wa mkia ule ulikuwa na mstari mmoja mwekundu, mwembamba, kuanzia juu hadi nchani.

Verediana aliutazama mkia huo kwa macho ya kazi yake. Urefu ulitosha. Weupe ulilingana na wa shingo. Mstari mwekundu ungependeza. Kisha akawaza kwamba mtoto angekuwa ameshika kitu kilichopita mkononi mwa baba yake, na wazo hilo likamfanya aache kuwaza mengine.

Liberatus hakupenda.

"Ng'ombe wa watu huyu," alisema.

"Ni wako, baba. Alitolewa kwa ajili yangu."

"Ndiyo nasema. Wa watu." Alimshika Sabuni pembe hata hivyo. "Mkia ni ufagio wake wa inzi. Mwachie kidogo."

Hakumwachia sana. Mkia wa farasi, alipoumaliza, ulikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alizifunga singa katika mafungu matatu, akayaunganisha kwa kifundo kimoja, akapigilia kijiti cha mninga kilichochongwa na Mzee Joachim mwenyewe. Mstari mwekundu aliupanga ubaki upande wa kushoto, kama ulivyokuwa. Alilala akiutazama.

Jumatano, tarehe 20 Oktoba, alimfunga farasi katika gunia safi, akamkabidhi utingo wa basi la Mbeya aliyemfahamu, ampe mwenye duka la Igawa ambaye watu wa Masunga hununua kwake chumvi. Ndani ya gunia aliweka barua fupi, akijua kwamba Kashindye anasoma: "Farasi huyu ni wa Ngolo. Ametengenezwa na mama yake kwa mikono yake. Nitakuja baada ya Krismasi." Mkia hakuutaja.

Wiki tatu baadaye utingo yuleyule alishusha mbele ya nyumba ya Liberatus gunia zima la mchele.

"Kutoka kwa mzee wa Igawa," alisema. "Kasema amepokea."

"Kasema nini kingine?"

"Mama, mimi ni mtu wa kubeba. Kasema amepokea."

Karibu miaka mitano Masunga hakuwahi kutuma hata kibaba. Verediana alipima mchele ule kwa mikono, akauchambua, akampelekea Sista Apolonia sinia na Mzee Joachim sinia. Alinunua kitambaa cha buluu na cheupe, akashona sare ya shule kwa kukadiria, akiacha pindo kubwa chini kwa sababu watu wa upande wa baba walikuwa warefu. Alizungumza na mwalimu. Alisogeza kitanda chake ukutani ili pawe na nafasi ya pili.

Jumatatu, tarehe 27 Desemba, alipanda basi saa kumi na moja alfajiri. Mchana alishuka Igawa, akavua viatu, akaingia mbugani kaskazini mwa barabara. Mvua ilikuwa imenyesha. Matope yalimfika magotini. Sare aliibeba kichwani ndani ya mfuko wa nailoni.

Kaya ya Masunga ilikuwa kama alivyoiacha: nyumba nne, uzio wa miiba, zizi katikati. Masunga alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, na juu ya mlango, umefungwa kwa kamba ya ngozi, ulining'inia mkia mweupe wenye mstari mwekundu upande wa kushoto.

Verediana alielewa kabla hajasalimia.

Alikuwa ameishi katika kaya ile miaka minne. Alijua kwamba ng'ombe akifia mbali na mwenyewe, aliyekabidhiwa haleti maneno. Maneno kila mtu anayo. Analeta mkia. Mwenyewe anauangalia, anamtambua ng'ombe wake kwa mkia kama mtu anavyotambua mwandiko, na hapo kifo kimethibitika, na kinachofuata kifo kinafuata. Alikuwa amemwona Kashindye akirudi na mikia kutoka mbugani. Alikuwa amechota maji ya kunawa yeye mwenyewe. Haya yote aliyajua, na siku aliposhika kisu nyuma ya Sabuni hakuna hata moja lililomjia. Alikuwa anatafuta rangi nyeupe.

Alipiga magoti kwenye matope.

"Mwadila, baba," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mama Ngolo. Mmezika salama?"

"Hatujazika, baba. Sabuni hajafa. Jana amekamuliwa."

 Masunga akamwita Kashindye, naye akaja akifuta mikono, na mzee akamwambia, "Rudia ulichosema, huyu asikie."

"Sabuni yuko hai," Verediana alisema. "Nilikata singa tu. Za mkia wa farasi. Nyeupe nilizikosa."

"Lakini barua ilikuwa inasema farasi, baba," Kashindye alisema taratibu. "Nilikusomea."

"Barua ilisema farasi. Mkia ukasema wenyewe." Masunga hakupandisha sauti. "Wewe mama Ngolo umekaa hapa. Kashindye umemwona akileta mkia mara ngapi?"

"Mara tatu, baba."

"Kuna hata mara moja alileta mkia wa ng'ombe anayekula majani?"

"Hapana."

"Basi ulitaka nisome nini?"

Kuku alipita kati yao. Kashindye alimfukuza kwa mguu, kwa ajili ya kupata kitu cha kufanya.

Masunga akaeleza, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi barazani. Kwamba alipofungua gunia alimtambua mtamba wake papo hapo, kwa kuwa alimchagua mwenyewe. Kwamba alijua wale kumi na mmoja walikwisha kutoka zizini kwa Liberatus, na huyu ndiye wa mwisho. Kwamba aliona adabu nzuri katika namna wakwe walivyouleta, umechanwa na kuoshwa, na akasema mbele ya watu kwamba wale Wahehe ni waungwana. Aliwaita ndugu zake. Walikunywa pombe ya msiba, wakapeleka mchele kwa wafiwa. Na kwa kuwa mkia wa mwisho umerudi, ukwe ukafungwa. Hakuna wa kudai wala wa kudaiwa. Mtoto hakuweza kubaki na mama wa upande wa ukwe uliofungwa. Jioni ile ile alikabidhiwa kwa Kalista. Walikula ugali katika sahani moja mbele ya ukoo, na kila mzee alimwita Kalista mama Ngolo mara moja, kwa zamu.

"Wazee kumi na wanne," Masunga alisema. "Wawili walitoka Chunya kwa miguu."

"Baba, ng'ombe yuko hai. Njoo umwone. Tuma mtu amwone."

"Nimekusikia. Nakuamini." Alisema hivyo kwa upole, na upole ndio uliomtisha. "Ningekuwa nimelisema ndani ya nyumba yangu, ningelimeza. Nimelisema zizini. Kesho nikiwaita kumi na wanne wale niwaambie mkia ulikuwa urembo wa mwanasesere, nani atapokea mkia wangu tena? Nani atamkabidhi Kashindye ng'ombe?"

"Uliniambia akinikubali kwa miguu yake."

"Nilikuambia wakati ukwe upo."

Kalista alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yake, mikono kifuani. Verediana alipoinuka alimfuata hadi nyuma ya ghala la mpunga.

"Dada, mimi sikuomba," Kalista alisema. "Nina wangu watano. Niliambiwa kaa, nikakaa. Niliambiwa kula, nikala."

"Najua."

"Anakula vizuri. Hapigwi. Ukitaka nikuapie nitakuapia."

"Usiape. Yuko wapi?"

Ngolo alikuwa upande wa pili wa zizi, akivuta farasi kwa kamba ya katani juu ya ardhi ngumu iliyokanyagwa na ng'ombe. Gurudumu moja lilikuwa limepinda. Mashungi ya shingoni yalikuwa yamejaa tope, yote ishirini na matatu yapo. Nyuma palikuwa na tundu.

Safari hii mtoto hakukimbia. Hakuwa na sababu. Alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa kwa wageni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Farasi wako mzuri."

"Hana mkia. Babu kauchukua, wa ng'ombe aliyekufa." Alimgeuza farasi ili mgeni aone vizuri. "Lakini anakwenda. Hata kwenye majani anakwenda."

"Nani alikupa?"

"Alitoka Iringa."

"Iringa kwa nani?"

Ngolo alifikiri. Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kwa watu wa huko," alisema.

Verediana alichutama, akanyoosha gurudumu lililopinda kwa kulikandamiza kwa jiwe. Ilichukua dakika chache. Ngolo alishika farasi ili asitikisike na alikuwa karibu kiasi cha mama yake kusikia pumzi yake na harufu ya maziwa na moshi kwenye nywele zake. Gurudumu lilipokaa sawa mtoto alilizungusha kwa kidole, akaridhika, akasema asante. Kalista akaita kutoka ghalani. Ngolo akajibu, "Abee mama," akaokota kamba, akaenda.

Sare Verediana aliiacha kwa Kalista. Kalista aliinyoosha mbele yake, akaipima kwa macho, na kusema itamtosha mmoja wa wanawe akianza shule. Verediana akasema sawa. Masunga alimtoa Kashindye amsindikize hadi barabarani kwa sababu ya mto, na njia nzima Kashindye alizungumza habari za bei ya ng'ombe Makambako, bila kukoma, asije akaulizwa kitu.

Ipogolo aliwaeleza watu wawili. Baba yake alisikiliza hadi mwisho, akatoka nje, akakaa zizini mpaka wakati wa kula ukapita. Mzee Joachim aliacha randa.

"Mimi niliona mkia mzuri," alisema. "Kijiti nilichonga mwenyewe. Laiti ningeuliza umetoka wapi."

"Ungeuliza ningekuambia, baba. Nawe ungesema mzuri."

"Ningesema."

Shule zilifunguliwa Jumatatu, tarehe 10 Januari 1977, na mwalimu aliandikisha mtoto mwingine katika nafasi aliyokuwa ameiweka. Sista Apolonia amefuta maneno "kazi ya majaribio" katika daftari. Mvua zikikatika, mwezi wa tano, Masunga atahamisha kaya na ng'ombe kwenda upande wa Chunya, ambako ndugu zake wamepata malisho, na Ngolo atakwenda nao. Verediana ameambiwa mwezi wa kuhama. Kijiji wanachohamia hakuna aliyemtajia.